Alichokitunga Shangazi Muhsina

Tangazo lilinifikia kwenye simu nnakaanga sambusa, na sambusa zote zikaungua. Nilizitupa, nikazima jiko, nikakaa kitako nikalisoma upya, maana nilidhani macho yananidanganya. "Sitara," limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. "Baleti ya kwanza kutungwa na mwanamke wa Kiomani. Mtunzi: Noof." Chini yake picha ya wasichana sita, mkono mmoja juu, mguu mmoja nyuma, wamejitupia shela nyeusi wakaganda.

Sasa mimi ile picha nnaijua. Nnaijua kwa sababu ilitokea kwenye harusi yangu.

Mume wangu Yaqdhan alikuwa ukumbini anatazama mpira. Nikamtia simu usoni nikamuuliza anaikumbuka hii. Akatazama, akakuna ndevu, akasema, "Si ile siku niliyoingia mapema?" Mtu huyu hakumbuki siku aliyozaliwa mwanawe mwenyewe, lakini hiyo kaikumbuka. Halafu Noof ati kaitunga yeye.

Basi nikwambie shangazi yangu ni nani, kwa sababu tangazo halikusema, na mimi ningemwambia kila mtu mpaka koo linikauke.

Bi Muhsina binti Nasor ni dada yake baba. Kazaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Miaka ile vijana walikuwa wakipelekwa nchi za kikomunisti kusoma, na yeye akapelekwa Urusi kusomea uuguzi. Huko akaiona baleti, uuguzi ukaishia hapo. Walimwambia kachelewa, mifupa imeshakomaa, hawezi tena kuwa mchezaji. Akawaambia, basi nifundisheni kutunga. Wakamfundisha, wakampa cheti, akarudi Unguja akakuta hakuna hata mmoja wa kumsikiliza. Mwaka wa sabini na tano ukoo mzima ukahamia Maskati, na yeye akaja na sanduku la santuri ambazo mama alizifunikia vyungu.

Hapa, ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya Hail, alipigilia bomba la maji ukutani wasichana washikie, akatundika mapazia mazito, akaanza kufundisha. Kina mama walileta mabinti zao huku wakiwaambia waume zao kwamba ni mazoezi ya mgongo. Wanawake wangapi Maskati hii wanatembea wamenyooka, ukiwasifu wanakwambia ni maumbile. Maumbile gani, ni Muhsina na ufito wake.

Jukwaa hakuwa nalo. Jukwaa lake lilikuwa harusi za wanawake. Biharusi aliyempenda alimtungia ngoma, na ngoma ikabeba jina la biharusi: Ya Reem, Ya Bashayer, Ya Mahbuba. Hatua za Kirusi juu ya ganuni na fidla za taarabu. Ukielezwa utadhani vurugu, lakini wenyewe wamesema ukiona vyaelea vimeundwa. Nimeona wanawake wanaacha biriani inapoa mbele yao kwa ajili ya kumtazama msichana mmoja anageuka.

Na mlangoni daima alikaa mtu na kapu. Kamera zote kapuni. Na zilipokuja simu, simu zote kapuni. Wanawake wamevua mabaibui, wamejipamba, hakuna anayetaka picha yake izagae kwenye majlis za wanaume. Kwa hivyo kazi ya miaka thelathini haina hata picha moja. Anayetaka kuiba, hakuna hata kidogo cha kumsuta.

Lakini hakuwa mtu wa kujificha, na hili nnataka lieleweke. Kabla ya muziki alisimama katikati ya ukumbi akasema, "Hii nimeitunga mimi, Muhsina binti Nasor. Anayetaka kula, chakula kipo kule. Anayetaka kutazama, anyamaze." Kila harusi alisema hivyo, hata biharusi awe mtoto wa nani.

Harusi yangu ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Wasichana walikuwa sita, na mdogo wao ndiye huyo huyo Noof, kitoto cha miaka kumi na moja, meno yamepishana. Ngoma ikafika katikati, wanawake wakashindwa kujizuia, wakapiga vigelegele. Sasa nje Yaqdhan amekaa garini na joho lake na jambia lake, jasho linamchuruzika, njaa inamuuma, na ameambiwa akisikia vigelegele ndio aingie. Akasikia. Akaingia.

Mtu akapiga ukelele kwamba mwanamume yumo ndani. Ukumbi mzima ukakimbilia mabaibui. Wale wasichana sita, katikati ya hatua, wakanyakua shela zilizokuwa karibu, wakajitupia, wakaganda vilevile, mkono juu, mguu nyuma. Mama mkwe wangu akamswaga mwanawe nje kama mbuzi aliyeingia jikoni. Kukawa kimya. Hapo Shangazi Muhsina akapiga makofi mawili, pa, pa. Wasichana wakazitupa shela, wakaendelea palepale walipoachia, na mimi biharusi nikalia mpaka wanja ukashuka.

Kesho yake akasema, "Ile inabaki." Ikabaki. Tangu siku ile kila ikichezwa Ya Balqis, yaani yangu mimi, wasichana hujifunika, huganda, husubiri makofi yake.

Na Noof kahojiwa kwenye redio anasema, kujifunika kwa ghafla ni ishara ya mwanamke anayebanwa na jamii. Ishara. Ilikuwa Yaqdhan na njaa yake.

Nikavaa baibui nikaenda kwenye kituo chake cha baleti, Ghubra. Ukuta mzima kioo, sakafu inang'aa, baridi ya kiyoyozi inaingia mpaka mifupani. Wasichana wamejipanga. Noof akapiga makofi mawili, pa, pa, wote wakaanza kwa pamoja.

"Hata makofi umeyachukua," nilimwambia kutoka mlangoni.

Akageuka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu sasa, meno yamenyooshwa. Akawaambia wasichana wapumzike, akanijia mikono mbele. "Da Balqis, karibu. Nilijua utakuja."

"Ulijua nitakuja, na bado ukaandika."

"Mimi nilimwandika Bi Muhsina. Wallahi nilimwandika, juu ya jina langu, kwa maandishi makubwa. Lilikuwepo mpaka wiki iliyopita."

"Limekwenda wapi? Limepata miguu?"

"Muulize kaka yako."

Marwan, kaka yangu mkubwa, ni mkuu wa idara moja, na idara yake ndiyo iliyosimamia maonyesho yale. Hilo nilikuwa nnalijua. Nilichokuwa sikijui ndicho Noof alichonieleza, macho chini, anasokota mkia wa shela yake. Marwan kampigia simu. Kamwambia familia haitaki jina la Bi Muhsina litokee. Kamwambia jina la mwanamke mwenye sitara halibandikwi kwenye karatasi za ngoma.

"Na lako mbona limebandikwa?"

"Mimi ni mtu wa zama hizi, Da Balqis. Yeye..."

"Yeye ndiye aliyekunyoosha huo mgongo unaosimamia hapo. Haya, Marwan kalifuta jina lake. Na hilo neno mtunzi, mbele ya jina lako, Marwan vilevile kaliandika?"

Akaendelea kuisokota shela. "Palibaki patupu," alisema. "Nikaona haifai paonekane patupu."

"Yeye kakwambia ufute. Hakukwambia uibe."

Akaanza kulia. Sikumuonea huruma hata kidogo. Nilitoka nikamuacha na vioo vyake vimtazame.

Njiani kuelekea Sib, kwa Marwan, niliendesha gari vibaya mpaka watu wakanipigia honi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku zote nilikuwa nnamtafuta mdudu kwa majirani. Marwan alikuwa kwenye majlis yake, peke yake, kanzu imepigwa pasi hata nyumbani, mbele yake dele ya kahawa na sahani ya halwa. Sikukaa.

"Kwa nini umemfuta shangazi yako?"

Hakujifanya hajui. Hilo nnampa. "Kaa kwanza, unywe kahawa."

"Sikuja kunywa. Jibu."

"Balqis, mwenyewe alikataza picha maisha yake yote. Mimi nnalinda alichokilinda. Wiki ijayo kuna watu wanakuja kumposa mwanangu Ruba, watu wa dini, wazito. Unataka wafungue simu wakute shangazi wa babaake alikuwa mchezesha ngoma?"

"Kwa hivyo Noof ni sanaa, na shangazi yako ni aibu."

"Noof si wetu."

"Na wewe utakaa mstari wa mbele umpigie makofi Noof, kwa ngoma ya harusi ya dada yako, iliyotungwa nyumbani kwa baba yako, na uso umekukunjuka."

"Ni kazi yangu kukaa pale."

"Ruba mgongo wake kaunyoosha nani?"

Akatia kahawa kikombeni, akaigiza kwamba anaipuliza. Binti yake Ruba kasoma ghorofa ya juu pale Hail tangu ana miaka sita mpaka magoti ya Shangazi yalipokataa ngazi. Marwan mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpeleka, anamsubiri garini.

"Shangazi ni mzee," akasema. "Muache apumzike na heshima yake. Na usije ukamleta pale. Nimeshamwambia Priscah anayemtunza asimtoe nyumbani."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu mama yetu amekufa na mimi nnaheshimu kaburi lake. Mpaka leo nikikutana naye nnamtolea salamu kwa ajili ya dini tu.

Jioni nikaenda Hail. Shangazi Muhsina alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, Priscah anamchua miguu kwa mafuta ya karafuu. Priscah ni Mkenya, anamtunza mwaka wa tano sasa. Nilipomuona shangazi yangu, kichwa juu, shingo ndefu, mikono imetulia mapajani kama imewekwa na mtu, hasira yangu ikageuka uchungu. Nikamwambia yote. Tangazo, Noof, Marwan, Ruba na watu wake wazito. Nilisema haraka haraka, nikitaraji atalia au atalaani.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ya Balqis ndiyo wanayoicheza?"

"Ndiyo, Shangazi. Wameibadilisha jina."

"Pale wanapojifunika, wanasubiri?"

"Sijui. Kwenye picha wameganda."

"Wasiposubiri imeharibika." Akaondoa mguu mikononi mwa Priscah. "Marwan anasema nlikataza picha."

"Ndivyo anavyosema."

"Nlikataza picha. Miili ile si yangu, ni ya watoto wa watu, wameniamini. Lakini jina ni langu. Siku gani nlikataza jina langu?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye Marwan. "Maonyesho lini?"

"Alkhamisi."

"Basi Alkhamisi nna safari."

Alkhamisi alasiri nilimkuta kavaa baibui lake la hariri, kajifukiza udi, kavaa na hereni zake za dhahabu. Priscah alinivuta pembeni, mikono ameifungafunga kwenye aproni. "Mama, bosi Marwan alipiga simu tena asubuhi. Alisema shosho asitoke nje kabisa. Sasa mimi nitasema nini?"

"Sema nimemwiba," nilimwambia. "Siku hizi ni halali."

Ukumbi ule ni mkubwa, mazulia mekundu, taa kama harusi ya mfalme. Wanaume na wanawake pamoja, kila mtu na simu yake mkononi. Kijana wa mlangoni alitusukumia kwenye nafasi ya viti vya magurudumu, na nafasi hiyo iko mbele, ubavuni, kwenye kichochoro. Mstari wa kwanza, kiti cha ukingoni, nani amekaa? Kaka yangu Marwan, kilemba kimekaa sawasawa. Kando yake bosi wake, mzee wa ndevu nyeupe, mtu wa cheo kikubwa serikalini. Marwan alipotuona alibadilika rangi. Akanyanyuka nusu, akambusu shangazi yake mkono, maana watu walikuwa wanatazama.

"Shangazi, usingejisumbua," alimnong'oneza.

"Kaa," alijibu. "Unanizibia."

Taa zikazimwa. Nilikuwa nimejiandaa niichukie, na nikashindwa, na hilo nalo likanitia hasira. Wasichana walikuwa wazuri. Ganuni ikalia, wakatoka mmoja mmoja, na nikamuona shangazi yangu mle gizani vidole vyake vinatembea juu ya paja, kila kidole kinajua njia. Kila hatua ilikuwa yake. Noof hakuongeza hata unywele. Mle ndani tulikuwa wanawake wengi wa makamo tulioicheza au kuitazama ile ngoma, tumekaa kimya tumeshika vijitabu vyenye jina la mwizi, na hakuna aliyefungua mdomo, na mimi ni mmoja wao.

Tukafika pale. Muziki ukakatika ghafla. Wasichana wakanyakua shela, wakajifunika, wakaganda. Taa ikageuka buluu.

Wakakaa. Wakakaa zaidi. Noof alikuwa amekurefusha kule kuganda ili watu wafikirie ishara yake. Msichana mmoja mguu ulianza kumtetemeka. Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Mbona wamelala?" Shangazi alisema, kwa sauti yake ya ghorofa ya juu.

Marwan akamshika mkono. "Shangazi, tafadhali."

Akautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Akaweka mgongo sawa. Akapiga makofi mawili, pa, pa.

Wasichana sita wakazitupa shela wakaanza kucheza.

Muziki haukuwepo. Aliyekuwa kwenye mitambo alikuwa akisubiri saa yake, na saa yake haijafika. Lakini wale wasichana Noof aliwafundisha kama alivyofundishwa, na miguu yao ilikuwa haijui amri nyengine. Walicheza mle kimyani, tunasikia viatu vyao tu vinagusa mbao. Pembeni ya jukwaa nikamuona Noof ametokeza, mkono mdomoni.

Yule mzee wa ndevu nyeupe akageuka. Akamtazama shangazi yangu, akawatazama wasichana, akamtazama tena. Akainama kwa Marwan akamuuliza kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa, "Nani huyu mama?"

Kaka yangu akakishika kilemba chake. Akanitazama mimi, ati nimuokoe. Nilimtumbulia macho. Nilikuwa na maneno ya kutosha kuujaza ukumbi ule na ua wake, lakini swali hakuulizwa mimi.

"Mwambie, Marwan," Shangazi alisema, macho yako jukwaani. "Au jina langu hulijui?"

"Muhsina," akasema, chini chini, kwenye ndevu zake. "Muhsina binti Nasor. Shangazi yangu."

"Hawakusikia."

Mzee bado alikuwa amemuinamia, anasubiri. Marwan akamgeukia mzee. Akasema tena, safari hii kwa sauti, "Muhsina binti Nasor, shangazi yangu. Ndiye aliyeitunga." Na kwa kuwa muziki ulikuwa bado haujarudi, sauti yake ikafika mpaka viti vya nyuma.